Mfuko wa kutoa wa akina mama: namna ya kuuanzisha Nairobi na kuufikisha mwaka wa pili

Swali ni lile lile kila mara, liwe limetoka Kayole, Kawangware, Huruma au Syokimau: "Tulianza kuchanga pesa za kusaidia wasiojiweza, kufika mwezi wa nne tukasambaratika. Tulikosea wapi?" Nikiuliza mawili matatu, majibu huwa hayatofautiani. Pesa za kusaidia zilikaa pamoja na pesa za mzunguko, zile za kupokezana zamu kwa zamu. Aliyelia kwanza kwenye kundi la WhatsApp ndiye aliyepata. Siku mama mwingine alipokuja na shida kubwa zaidi, mfuko ulikuwa mtupu, na maneno yakaanza.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo tunao, kila mama Nairobi anajua ni mara ngapi kwa mwezi anachangia mazishi, bili ya hospitali au karo ya mtoto asiye wake. Tunachokosa ni utaratibu wa kuufanya utoaji huo uache alama. Mwongozo huu ni wa kikundi cha wanawake 10 hadi 25 ambao tayari wanafahamiana: wa soko moja, ploti moja, kanisa moja au msikiti mmoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama walianza na hatua ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari kubwa la jalada gumu, lenye kurasa zilizoshonwa. Daftari la kurasa za kuchomoa halifai, maana ukurasa ukipotea, uaminifu umepotea nao.
- Kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni.
- Kalamu ya wino. Penseli hapana.
- Cheti cha usajili wa kikundi ambacho muda wake haujaisha, au wanachama wasiopungua 10 na nakala za vitambulisho vyao ili mjisajili. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka idadi hiyo, na ofisi ya kwenda ni ya Maendeleo ya Jamii katika kaunti yenu ndogo.
- Akaunti ya kikundi katika benki au Sacco, yenye watia saini watatu na sharti kwamba wawili watie saini ndipo pesa zitoke.
- Saa mbili za mkutano usio na ajenda nyingine. Si dakika kumi za mwisho wakati mama anayepokea mzunguko ameshabeba mkoba.

Hamhitaji kuwa shirika, na hamhitaji ofisi. Mkichanga kati yenu, hayo ni yenu. Ila mkitaka kuzunguka na kopo sokoni kuchangisha watu msiowajua, kuna sheria ya michango ya umma, na kibali kinatafutwa kwanza.

## Hatua ya 1: Tenganisha pesa za kutoa na pesa za mzunguko

Fungueni akaunti ya pili. Ikiwa benki yenu inawatoza kwa akaunti mbili, tafuteni Sacco. Msikubali hoja ya "tutakuwa tunaandika tu ni za nani". Mweka hazina akibanwa siku ya mzunguko na ikawa imepungua elfu mbili, mkono wake utaenda kwenye zile za kutoa, kwa nia njema kabisa, akisema zitarudishwa Ijumaa.

Onyo: msitumie laini ya simu ya mwanachama mmoja kama kibubu cha mfuko. Laini hiyo inafunguliwa na PIN ya mtu mmoja. Akiugua, akiibiwa simu pale stendi au akisafiri mashambani, mfuko umesafiri naye. M-Pesa itumike kuingiza pesa kwenye akaunti ya kikundi, basi.

Hatua hii imekamilika siku mwanachama yeyote atakapouliza, "Mfuko una ngapi?" na apate jibu moja kutoka kwa watu watatu tofauti.

## Hatua ya 2: Chagueni kiwango kinacholipika mwezi wa Januari

Vikundi vingi huweka kiwango mwezi wa Desemba, watu wakiwa na moyo mkunjufu. Wekeni kiwango mkifikiria Januari, karo na kodi vikiwa vimegongana. Kama mama anayeuza sukuma wiki hawezi kukilipa mwezi huo, kiwango ni kikubwa.

Chukua mfano wa wanachama 18 kwa shilingi 200 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600 kwa mwezi na 10,800 kwa miezi mitatu. Ni kidogo? Kikitolewa mahali pamoja, kiasi hicho kinamfungulia mtu mlango.

Kiwango kiwe sawa kwa wote. Najua wapo wanaopendelea "kila mtu atoe anachoweza", lakini nimeona linavyoishia: mwenye kazi ya ofisini anatoa 2,000, wa kufua nguo anatoa 100, na mwezi unaofuata wa kufua nguo haonekani. Mwenye ziada aiweke bila jina kwenye bahasha siku ya mkutano, na iandikwe kwenye daftari "nyongeza" tu.

Kisha kuna suala la nyumbani, na hili naomba tusilikwepe. Mwaka 2003 James Andreoni na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanandoa wa Marekani. Waliona kwamba mume na mke wakiamua michango kwa pamoja, uamuzi huelekea zaidi kule mume anakotaka. Kwetu hilo si geni. Wengi wetu tumezoea kutoa kwa kificho, noti imekunjwa kwenye pindo la leso. Kutoa kwa kificho hakudumu, kwa sababu siku itajulikana, ugomvi hautakuwa wa shilingi 200, utakuwa wa kufichana. Kila mwanachama aliye na mume aseme nyumbani mapema, kiasi na siku: "Baba Fulani, kila tarehe tano natoa mia mbili kwenye mfuko wa kikundi." Mkisha kuelewana, hiyo ni pesa yake ya kutoa, haijadiliwi upya kila mwezi.

Mkifikia mwezi wa tatu bila mwanachama yeyote aliyebakiza deni, kiwango chenu kiko sawa.

## Hatua ya 3: Andikeni kanuni kabla ya jina lolote kutajwa

Ukisoma hatua moja tu, soma hii. Karibu kila mfuko niliouona ukifa ulikufa kwa sababu jina lilitangulia kanuni. Mtu akishatajwa, huwezi tena kujadili kanuni. Utaonekana unamjadili yeye.

Ukurasa wa kwanza wa daftari andikeni majibu ya maswali manne: Tunasaidia nani? Tunalipia nini? Tunatoa kiasi gani kwa mara moja? Mtu anaweza kusaidiwa mara ngapi? Kanuni yetu, hapa mtaa wa Umoja, inasomeka hivi:

"Tunasaidia mwanamke au msichana anayeishi ndani ya mwendo wa kutembea kutoka kwetu. Tunalipia karo ya shule ya kutwa au kifaa cha kazi. Kila miezi mitatu tunachagua mtu mmoja. Mtu hasaidiwi mara ya pili kabla ya miaka miwili."

Neno gumu hapo ni "mmoja". Tulibishana mkutano mzima. Mama mmoja aliinuka akasema, "Wote watatu wana shida, tugawe sawa tu, kila mtu apate kitu." Karibu wote tukaitikia. Hiyo sauti ni nzuri, na imechunguzwa. Mwaka 2001 Andreoni na Lise Vesterlund walichapisha jaribio ambalo watu walipewa pesa wagawane na mtu wasiyemjua. Kutoa kulipomgharimu mtoaji kidogo, wanaume walitoa zaidi. Kulipomgharimu sana, wanawake ndio walitoa zaidi. Na wanawake wengi kuliko wanaume walipenda kugawa sawasawa. Utafiti ule wa wanandoa nao ulionyesha jambo linalofanana na hilo: mwanamke anapokuwa ndiye mwamuzi, michango huenda sehemu nyingi zaidi, kila sehemu ikipata kidogo.

Tafiti hizo ni za Marekani, wala hazimwambii mama wa Gikomba yeye ni nani. Ila nikitazama daftari letu la mwaka wa kwanza naona hilo hilo: 500 hapa, 300 pale, 700 kule. Hakuna aliyerudi shule kwa 300. Unga uliliwa, wiki ikaisha.

Wapo wanawake waliolitatua hili kwa ujasiri. Mwaka 2001 huko Cincinnati, Wendy Steele alianzisha Impact 100: wanawake 100, kila mmoja dola 1,000, kisha wanapiga kura na fungu zima la dola 100,000 linakwenda kazi moja. Sisi hatuna dola 1,000. Mpango wenyewe, hata hivyo, unafanya kazi kwa shilingi 200 vile vile.

Ili wale wenye roho ya kugawa wasiumie, tengeni sehemu ya tano ya mfuko kwa dharura: moto, mafuriko, msiba. Katika mfano wetu ni 2,160 kila miezi mitatu, na 8,640 zinabaki kwa yule mmoja. Pesa za dharura zikiisha, zimeisha. Msikope kutoka upande wa pili.

Onyo: kanuni isibadilishwe katika mkutano ambao kuna ombi mezani. Mabadiliko yajadiliwe mwezi ambao hakuna anayeomba.

Mtajua imeshika siku mtakapomkatalia mtu mnayempenda, mkamsomea ukurasa wa kwanza, na bado akaja mkutano unaofuata.

## Hatua ya 4: Tembeleeni, wawili wawili

Kila ombi liandikwe kwenye karatasi moja: jina, anakoishi, anaomba nini, bei yake, na nani anayemdai. Halafu wanachama wawili waende. Mmoja awe anamfahamu mwombaji, mwingine asimfahamu. Anayemfahamu anafungua mlango. Asiyemfahamu anauliza maswali ambayo jirani angeona haya kuuliza.

Nendeni mikono mitupu, bila sare na bila kupiga picha. Kaeni mtakapoonyeshwa. Msifungue sufuria za watu kwa macho.

Nitawapa mfano mmoja. Tulikwenda Mukuru kwa Njenga kwa mama aliyeandika kwamba anaomba unga na mafuta. Kwa kanuni yetu, hilo lingekataliwa mezani bila kufika kwake. Chumba cha mabati, kitanda, jiko, na kando ya dirisha kitu kimefunikwa kwa leso. Mwenzangu akauliza, "Mama, hicho ni nini, tukikuuliza?" Akafunua. Cherehani ya miguu. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekatika na kuungwa kwa kamba ya kiatu, na kila baada ya mishono michache kamba ilikuwa inateleza. Alikuwa amerudisha kazi za wateja watatu. Hakuwa ameomba mkanda kwa sababu, alisema, "Nilifikiri watu husaidia chakula tu."

Tulirudi tukabadilisha ombi kwa ruhusa yake: mkanda, sindano, na fundi wa kuifanyia huduma cherehani nzima. Ilitugharimu chini ya nusu ya fungu. Ndiyo maana nasisitiza ziara. Watu huomba kile wanachodhani mko tayari kutoa.

Kwa hiyo swali la mwisho la kila ziara liwe hili: "Kama si hiki ulichoandika, ni kitu gani kingekufanya usihitaji kuomba tena mwezi ujao?" Andikeni jibu kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 5: Pigeni kura kwa maharagwe

Kura ya kunyoosha mkono inaleta uhasama ndani ya ploti. Tumieni vikombe na maharagwe. Kila ombi lina kikombe chake kilichofunikwa kwa karatasi yenye tundu, nyuma ya pazia au mlango. Kila mwanachama anapewa haragwe moja, anaingia peke yake, anatoka. Watu wawili wanahesabu mbele ya wote, na idadi inaandikwa kwenye daftari hapo hapo.

Mwenye undugu na mwombaji hapigi kura siku hiyo. Awe mwenyekiti, awe mwanzilishi.

## Hatua ya 6: Mlipe anayedai, si anayeomba

Karo ilipwe kwenye akaunti ya shule kwa jina la mwanafunzi na nambari yake ya usajili. Kifaa kinunuliwe dukani na mwombaji akiwepo, achague mwenyewe. Bili ya hospitali ilipwe kwa nambari ya mgonjwa.

Mwaka wetu wa kwanza tulimkabidhi mjomba wa msichana mmoja karo mkononi, shilingi 9,000. Wiki ya tatu msichana akarudishwa nyumbani. Nilikwenda shuleni na mweka hazina. Karani alifungua daftari lake, akateremsha kidole kwenye orodha ya majina mpaka kikafika kwenye jina la yule mtoto. Safu ya malipo ilikuwa tupu. Mweka hazina hakusema kitu mpaka tulipofika barabarani, kisha akalia. Mjomba alikuwa na madeni yake, na sisi ndio tuliomtia majaribuni.

Sababu ya hatua hii si kwamba maskini hawaaminiki. Pesa taslimu zikifika nyumbani kwa mwanamke aliyebanwa, kuna watu wengi wanaoziona kabla yake: mwenye nyumba, mwenye duka, shemeji. Risiti ya shule haikopwi na mtu.

Malipo yamekamilika mkiwa na vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: risiti iliyobandikwa, ujumbe wa malipo ulionakiliwa kwa mkono pamoja na nambari yake, na saini ya mwombaji kwamba ameona.

## Hatua ya 7: Mkiomba wanaume, badilisheni maneno

Baada ya miezi sita bila doa, waume, kaka na wapangaji wenzenu wataanza kuuliza. Wakaribisheni kutoa, bila kuwapa kura, mpaka kikundi kiamue vingine.

Hapa wengi hukosea kwa kutuma ujumbe ule ule uliowagusa akina mama: picha ya mtoto, machozi, "kwa ajili ya Mungu". Mwaka 2015 Robb Willer na wenzake, pia Marekani, walichapisha kwamba wanaume walikuwa wazito zaidi kuliko wanawake kuchangia misaada kwa maskini, na tofauti hiyo iliendana na kiwango cha huruma walichojieleza kuwa nacho. Walipoelezwa kwamba umaskini unamdhuru kila mtu katika jamii, wakawa tayari kutoa kama wanawake. Lakini ujumbe huo huo uliwapunguzia wanawake hamu ya kujitolea muda wao.

Kwa hiyo andikeni ujumbe mara mbili. Kwa wanaume: "Msichana huyu akimaliza kozi ya ufundi wa mabomba, ploti yetu itakuwa na fundi wa karibu, na pesa ya fundi itabaki hapa hapa." Kwa akina mama: mwelezeni yeye mwenyewe, anavyoamka saa kumi, anachotaka kuwa. Yote mawili yawe kweli. Msimpakie mtu shida asiyokuwa nayo ili mfuko ujae.

Jambo lingine nililoliona kwenye harambee zetu: mwanamume hupenda jina lake lisomwe na kiasi chake. Sisi hatusomi majina. Tunatoa risiti kwa kila mchango na tunasoma jumla. Wawili walikasirika, wengine wakazoea, na mmoja wa waliokasirika ndiye sasa hutuletea bahasha bila kuulizwa.

## Hatua ya 8: Toeni hesabu bila kumwanika mtu

Kila baada ya miezi mitatu soma kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na jina la duka au shule iliyolipwa. Jina la aliyesaidiwa libaki ndani ya daftari. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mwenye taarifa, na kwa mtoto, ya mzazi au mlezi. Hata kama sheria isingekuwepo, picha ya mtoto akishika fulana mpya itamfuata mpaka kidato cha nne. Msiipige.

Mwanachama yeyote aweze kulitazama daftari siku yoyote, si siku ya mkutano tu. Mweka hazina akiona uchungu kuulizwa, mbadilisheni kwa upole kabla hamjalazimika kumbadilisha kwa ugomvi.

## Hatua ya 9: Hesabuni na kazi ya mikono

Tafiti nyingi za utoaji huhesabu pesa. Sisi tulianza kuandika pia saa, kwenye safu ya tatu ya daftari, na safu hiyo ndiyo iliyotushangaza. Mama aliyelala hospitalini na mgonjwa usiku mbili. Aliyepika ugali wa watu arobaini msibani. Aliyemsindikiza binti kwa chifu kutafuta barua ya bursari, akakaa foleni tangu asubuhi mpaka saa tisa. Hakuna risiti ya hayo, na ndio utoaji mkubwa zaidi ambao wanawake wa Nairobi wanaufanya.

Andikeni tarehe, jina, kazi na saa. Msiipe bei. Inatosha kwamba mwisho wa mwaka mtaona nani amechoka, maana kwa kawaida ni wale wale wanne. Wapeni wanne hao miezi mitatu bila ziara na bila zamu, walipe tu mchango wao, na zamu zao zichukuliwe na wale ambao safu yao iko wazi.

Sisi tulifanya hivyo Januari hii. Wiki ya pili mmoja wao alinipigia kuuliza nani ameenda kumwona yule mama wa cherehani. Nikamwambia, "Mama, pumzika, ameshaendewa, na cherehani inashona."